Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Tiba na Utumishi katika Mwambao wa Ufipa

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii hufundishwa katika shule zetu, na kwa kawaida huelezwa kwa haraka: mgeni afikapo, kuku huchinjwa, na mwenyeji naye hupata kula kitoweo ambacho siku nyingine asingekipata. Maelezo hayo si mabaya. Hata hivyo neno "apone" ni neno la tiba kabla ya kuwa neno la karamu. Katika makala haya twakusudia kuipima methali hiyo kwa mizani ya historia, katika sehemu moja ya nchi yetu ambako mgeni alikuja kweli akiwa na dawa mkononi. Sehemu hiyo ni mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, chini ya uwanda wa juu wa Ufipa, kuanzia Karema upande wa kaskazini, kupita Kirando na Kipili, hadi Kasanga upande wa kusini.

Historia ya tiba ya kimisionari mara nyingi imesimuliwa kana kwamba ni habari ya zawadi: watu wa mbali walitoa, na watu wa hapa wakapokea. Twataka kuuliza maswali mawili mepesi kuyatamka, lakini mazito kuyajibu. Katika habari hii, nani hasa alikuwa mgeni na nani alikuwa mwenyeji? Na je, ni nani aliyeponya?

Nchi na Watu Wake

Msafiri atokaye Sumbawanga kwenda Kipili hupita kwanza katika nchi ya juu, yenye upepo wa baridi na nyasi zisizo na mwisho. Baada ya Namanyere barabara huanza kuteremka, joto huongezeka, na hatimaye ziwa huonekana. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina chake, ambacho hufika karibu mita 1,470, chalifanya kuwa la pili duniani kwa kina miongoni mwa maziwa ya maji baridi. Mbele ya Kipili visiwa vimejipanga kama ukuta wa kuzuia mawimbi, na kwa sababu hiyo bandari yake imekuwa kimbilio la mitumbwi tangu zamani. Mabaki ya majengo ya wamisionari wa kale yangalipo hapo, yakimkumbusha mpitaji kwamba mahali hapa, ambapo leo twapahesabu kuwa mbali, palikuwa penye njia ya watu wengi.

Wafipa hawakuwa watu wa kungoja kufundishwa kila jambo. Walifua chuma katika matanuri marefu ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu, na majembe yao yalikwenda mbali. Walilima kwa kufukia majani chini ya vilima vidogo vya udongo ili yaoze na kurutubisha ardhi isiyo na miti mingi. Watu wenye maarifa ya namna hiyo hawawezi kukosa maarifa ya mwili wa binadamu. Walikuwako waganga waliojua mizizi na magome, walikuwako wakunga, na walikuwako watu wa kuunga mifupa. Mtu aliyeugua hakukosa pa kwenda. Hatusemi kwamba kila alikokwenda alipona; wala si kila aendaye hospitali leo hupona. Twasema tu kwamba tiba haikuanza siku meli ya kwanza ilipotia nanga.

Daktari Aliyekuja Mgonjwa

Jambo la kustaajabisha ni kwamba daktari mashuhuri wa Ulaya aliyelivuka ziwa hili mapema alilivuka akiwa mgonjwa wa kubebwa. Huyo ni David Livingstone, mmisionari na daktari kutoka Uskoti. Mwanzoni mwa mwaka 1867 mchukuzi mmoja alitoroka na sanduku lake la dawa, naye Livingstone akaona kwamba amekwisha kuhukumiwa kifo. Miaka miwili baadaye, mwanzoni mwa 1869, homa ya mapafu ilipomwangusha upande wa magharibi wa ziwa, aliyemwuguza na kumfikisha ukingoni ili avushwe hadi Ujiji alikuwa mfanyabiashara Mwarabu, Muhamad bin Gharib. Alibebwa kwa machela, akapewa dawa na chakula, akavushwa kwa mtumbwi. Mwaka 1872 alipita tena katika nchi ya Wafipa akifuata ukingo wa ziwa kuelekea kusini, safari ambayo ilikuwa ya mwisho. Alifariki mwaka 1873, na maiti yake ikachukuliwa hadi pwani na watumishi wake Waafrika, akina Susi na Chuma.

Twaieleza habari hii si kwa kumdharau mtu yule, bali kwa sababu inafungua mlango wa hoja yetu. Katika kurasa za kwanza kabisa za historia ya tiba ya kigeni katika eneo hili, mgeni ndiye aliyepona na mwenyeji ndiye aliyeponya. Methali imegeuzwa, na bado ni kweli.

Karema: Ngome, Misheni na Kilio cha Watumwa

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga kituo Karema kwa niaba ya Chama cha Kimataifa cha Afrika, chombo cha Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers mwaka 1868. Wakati huo biashara ya watumwa ilikuwa imelizunguka ziwa. Misafara ilitoka magharibi, ikavuka maji, ikapita Ujiji au ukingo wa Ufipa, ikaelekea pwani. Misheni ilinunua watoto kutoka kwa wafanyabiashara, ikawalea, ikawabatiza, na kuwafanya raia wa kijiji chake.

Hapa yatupasa kusema kwa uadilifu. Kumkomboa mtoto katika minyororo ni tendo jema, na aliyekombolewa ndiye ajuaye thamani yake. Lakini ni kweli pia kwamba misheni zile za mwanzo zilitawala watu wao kama dola ndogo, na kwamba Wazungu wengi waliokuja nazo, au nyuma yake, hawakuja kwa ajili ya wagonjwa. Mwanafunzi wa historia asichague mojawapo ya kweli hizi mbili na kuitupa nyingine.

Adrien Atiman

Katika mazingira hayo ndipo alipofika mtu ambaye, kwa maoni yetu, angestahili kujulikana na kila mwanafunzi wa sekondari nchini. Jina lake ni Adrien Atiman.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara kama bidhaa, na mwaka 1876 akanunuliwa na kukombolewa na Mapadri Weupe nchini Algeria. Lavigerie alikuwa na wazo lililokuwa geni kwa wakati wake. Alifikiri kwamba Afrika itahubiriwa na Waafrika wenyewe, na kwamba kijana wa Kiafrika aliyesomeshwa udaktari angepokewa kila mahali, maana ugonjwa hauchagui kabila wala dini. Alisisitiza pia kwamba vijana hao waendelee kuishi kwa mila za Kiafrika, wasije wakageuka wageni machoni pa watu wao. Basi kuanzia mwaka 1881 baadhi yao walipelekwa kisiwa cha Malta, na huko Atiman akasomea udaktari katika Chuo Kikuu hadi mwaka 1888.

Mwaka huohuo alishuka Unguja, akaingia bara. Pwani ilikuwa karibu kuwaka moto wa vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani. Msafara wake ulikwenda kwa miguu mwendo wa miezi, na mwaka 1889 akafika Karema. Alikuwa kijana wa miaka isiyozidi 25. Wakati huo mafunzo ya udaktari katika Makerere yalikuwa bado zaidi ya miaka 30 kuanza. Nchi aliyofika haikuwa nchi yake. Lugha za ziwa hakuzijua, wala hapakuwa na mtu mmoja wa ukoo wake. Kutoka Timbuktu hadi Karema ni safari ya kuikata Afrika. Kwa kipimo chochote cha haki, Atiman alikuwa mgeni ughaibuni sawasawa na padri aliyetoka Ufaransa.

Tofauti ilionekana baadaye. Wazee wetu wana methali nyingine: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Atiman alipewa jembe akalishika. Alimwoa Agnes Wansahira, mwanamke wa jamaa ya mtawala wa Wabende, na kwa ndoa hiyo akawa shemeji, mkwe na mjomba wa watu. Mwana wao Joseph alisomea upadri, akapadrishwa mwaka 1923. Mapadri walikuja na kuondoka. Wengine walikufa kwa homa baada ya muda mfupi. Bendera ya Wajerumani ilipanda na kushuka, na ya Waingereza ikapanda mahali pake. Atiman alikuwako. Alitibu na kufundisha dini Karema kwa muda wa miaka 67, hadi alipofariki mwaka 1956 akiwa mzee wa miaka ipatayo 90. Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa habari za maisha yake, akisimulia mwenyewe. Leo hospitali ya Kanisa Katoliki mjini Sumbawanga ina jina lake, na jijini Dar es Salaam iko nyumba ya Wamisionari wa Afrika iitwayo kwa jina hilohilo. Wengi hupita mlangoni bila kuuliza ni nani.

Alichofanya kwa Mikono Yake

Ni rahisi kumsifu mtu bila kusema alipambana na nini. Tutaje basi baadhi ya adui zake.

Katika miaka ya mwanzo ya kazi yake funza waliingia. Mdudu huyu hakuwa wa kwetu. Alifika Angola kwa meli mwaka 1872, na katika muda wa miaka ipatayo 20 akalivuka bara zima kwa miguu ya wachukuzi wa misafara. Watu ambao hawakuwahi kumwona hawakujua namna ya kumtoa, na vidole viliharibika hata wengine wakashindwa kulima. Sindano ya kutolea funza haihitaji shahada. Yahitaji mtu mwenye subira wa kuinama mbele ya mguu mchafu wa jirani yake, kisha kumfundisha naye ainame mbele ya mguu wa mwanawe.

Ndui nayo ilikuwa ikipita mara kwa mara pamoja na misafara, hasa baada ya sotoka kuua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890 na njaa kudhoofisha watu. Kisha, katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, malale yalivuka kutoka upande wa Kongo. Mbung'o wa ziwani huishi katika vichaka vya ukingo wa maji, mahali hasa ambapo wanawake huteka maji na wavuvi huvuta mitumbwi. Serikali ya Wajerumani ilianzisha kambi za wagonjwa, ikaamuru vichaka vifyekwe, na katika sehemu nyingine ikawahamisha watu kutoka ukingoni. Dawa iliyotumika, atoksili, ilikuwa na sumu ya aseniki. Iliwasaidia wengine kwa muda, na wengine iliwapofusha macho. Fikirini, ndugu wanafunzi, hali ya mtu aliyeambiwa na askari aache nyumba yake na nyavu zake, kisha apokee sindano ambayo jirani yake ilimtia upofu. Mtu kama huyo hamwamini mwenye dawa kwa sababu ya dawa yake. Humwamini kwa sababu amemwona msibani na arusini, amesikia akisema lugha yake, na anajua kwamba hata kesho atakuwapo.

Hapa ndipo siri ya kazi ya Atiman ilipokuwa. Dawa alizokuwa nazo zilikuwa chache, na nyingi kati yake leo tungeziona duni. Miti ya dawa ya nchi hakuidharau. Alichokuwa nacho kwa wingi ni muda. Mganga aliyekaa miaka 67 alimtibu mtoto, akamtibu mtoto wa mtoto huyo, akaishi kumwona na mjukuu. Imani ya namna hiyo haipakiwi katika sanduku na kusafirishwa.

Wasiotajwa

Lakini tungelifanya kosa lilelile tunalolilaumu kama tungemaliza kwa mtu mmoja. Hata Atiman hakufanya kazi peke yake.

Mwaka 1907, wakati wa Askofu Adolphe Lechaptois, lilianzishwa Karema shirika la watawa wa kike wa Kiafrika, ambalo leo tunalijua kwa jina la Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Watawa wa Ulaya walikuwa wamekwisha kufika katika miaka ya 1890. Mabinti wa mwambao na wa uwanda wa juu waliingia utawa, na kwa mikono yao wagonjwa wengi waliogeshwa na yatima wengi walinyweshwa maziwa.

Wakati wa Waingereza waliongezeka dresa. Kuanzia mwaka 1926 tawala za wenyeji zilipewa vituo vidogo vya kufunga vidonda, na kila kituo kilisimamiwa na kijana wa Kiafrika aliyefundishwa kwa muda mfupi. Mshahara wake ulikuwa mdogo na kabati lake lilikuwa na chupa chache. Miaka hiyo ndiyo ya kampeni kubwa dhidi ya buba. Mtu aliyejaa vidonda mwili mzima alidungwa sindano, na baada ya majuma machache ngozi yake ikarudi. Sindano ya buba ndiyo iliyowafanya watu wengi wa Tanganyika waitamani hospitali waliyoikimbia baba zao. Katika vituo vile vidogo aliyeonekana na watu kila siku ni dresa, wala si mkurugenzi wa Dar es Salaam.

Tukiwahesabu hao, tusiwasahau wapiga makasia. Katika mwambao ambao barabara zilichelewa sana kufika, mgonjwa alikuwa mzigo wa mtumbwi. Kila mkunga aliyewahiwa na kila mtoto aliyefikishwa misheni akiwa bado anapumua, nyuma yake walikuwako watu waliovuta kasia usiku kucha bila kulipwa. Katika vitabu vyetu hao hawana hata mstari mmoja.

Baada ya Uhuru

Tulipopata uhuru mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu, kama Mwalimu Nyerere alivyopenda kukumbusha. Ukiitazama hesabu hiyo, utaona maana ya mwaka 1963, ulipofunguliwa mjini Dar es Salaam mwanzo wa chuo chetu cha udaktari. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, taifa liliamua kwamba afya ianzie kijijini. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kuchimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Katika kampeni hiyo hapakuwa na mgeni. Wananchi walijitibu wenyewe kwa jembe, na mafunzo yakaja kwa Kiswahili.

Hata hivyo serikali haikuzifukuza hospitali za madhehebu. Ilizihesabu kuwa sehemu ya utumishi wa umma, na katika wilaya ambazo hazikuwa na hospitali ya serikali, hospitali ya misheni iliteuliwa kuwa hospitali ya wilaya. Mwaka 1992 makanisa yaliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii na kutia sahihi mapatano na serikali kuhusu elimu na afya. Ushirikiano huo ungalipo. Nao umeleta mpaka leo wageni wa namna mpya: madaktari na wauguzi wa kujitolea, wanaokuja kwa majuma mawili au miezi mitatu, kisha wakarudi kwao.

Kosa Letu Wenyewe

Hapa twaomba ruhusa ya msomaji tueleze jambo lililotupata, maana mwandishi asiyejihukumu hana haki ya kuihukumu historia.

Mwaka 1995, tulipokuwa karani kijana katika ofisi moja mkoani Rukwa, tulitumwa kufuatana na kundi la Wakristo wa kujitolea kutoka ng'ambo waliokuja kutibu katika vijiji vya mwambao. Kazi yetu ilikuwa kutafsiri na kuandika taarifa. Kijiji kilikuwa kusini ya Kipili. Zahanati yake ilikuwa na vyumba viwili, na ndani yake muuguzi mkunga mmoja, mwanamke mtu mzima, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Nesi. Nasi tukamwita hivyo.

Wageni wale walikuwa watu wema. Walianza kazi alfajiri na kumaliza kwa taa. Siku ya tatu daktari mmoja alimpa mzee dawa, akatuambia tumweleze ameze saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Tukatafsiri kwa ufasaha wa kutosha. Mzee akaitikia. Alipotoka, Mama Nesi alituvuta kando, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mzee huyu hana saa. Mwambie ameze mitumbwi ya dagaa inapotoka jioni, na ameze tena inaporudi alfajiri." Tulipomfasiria daktari maneno hayo, alinyamaza kidogo, kisha akaomba kuanzia hapo kila mgonjwa apitie kwa Mama Nesi kabla ya kwenda nyumbani. Twamsifu kwa hilo. Mgeni ajuaye kunyamaza amekwisha kujifunza nusu ya kazi.

Usiku wa siku ya tano aliletwa kwa mtumbwi mwanamke aliyeshikwa na uchungu tangu jana yake, na mtoto alikuwa ametanguliza matako. Daktari yule hakuwa wa fani ya uzazi, naye hakuona haya kusema hivyo. Alishika karabai. Mama Nesi alifanya kazi kwa mikono iliyokuwa imekwisha kupokea nusu ya kijiji, na kabla ya mapambazuko mtoto alilia. Wapiga makasia waliokuwa wamelala mchangani waliamka wakapiga vigelegele, ijapokuwa kupiga vigelegele si kazi ya wanaume.

Tuliporudi ofisini tuliandika taarifa. Tuliandika majina kamili ya wageni wote, na nchi zao. Tuliandika idadi ya masanduku ya dawa. Tuliandika shukrani. Mwishoni tukaongeza kwamba wageni walifanya kazi hiyo "kwa kusaidiana na watumishi wa hapo." Mkubwa wetu akaisifu kwa lugha yake nzuri.

Miaka mingi baadaye, tulipoanza kukusanya habari za Atiman na wenzake, tulimkumbuka mama yule, tukaitafuta nakala ya taarifa ili tulipate jina lake. Halikuwamo. Tulirudi hadi kijijini. Zahanati ilikuwa imejengwa upya, naye alikuwa amestaafu zamani na kuhamia kwa wanawe, mahali ambapo hakuna aliyekuwa na hakika napo. Vijana waliopokewa kwa mikono yake walimkumbuka vizuri. Walisema, "Ndiyo, Mama Nesi." Zaidi ya hapo hawakujua. Hivyo ndivyo mtu anavyofutwa katika historia. Hafutwi na adui. Hufutwa na karani asiyeuliza.

Tunajifunza Nini?

Kwanza, twajifunza kwamba utumishi wa mgeni hupimwa kwa namna anavyojiunga na walioko. Atiman alijiunga kwa maisha yake yote. Daktari yule wa mwaka 1995 alijiunga kwa usiku mmoja, kwa kushika karabai. Mmoja alitoa miaka 67 na mwingine majuma mawili, lakini wote wawili walitambua kwamba penye mgonjwa mwenyeji ana elimu. Mgeni asiyelitambua hilo, hata alete meli nzima ya dawa, ataacha masanduku matupu.

Pili, twajifunza kwamba "mgeni" si rangi ya ngozi. Mwafrika wa Timbuktu alikuwa mgeni Karema, akawa mwenyeji kwa jembe. Na msomi wa nyumbani aingiaye kijijini bila kuuliza jina la mkunga ni mgeni, hata kama kitovu chake kilizikwa hapo. Twayasema hayo tukijitazama wenyewe.

Tatu, methali yetu sasa yaweza kusomwa kwa ukamilifu wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone: naam, lakini mwenyeji hupona kwa mkono wa mwenyeji mwenziwe, uliotiwa nguvu na mgeni. Na mara nyingine, kama alivyoona Livingstone akibebwa kwa machela, mwenyeji huja ili mgeni apone.

Ndugu walimu, twawaomba jambo moja lisilohitaji fedha. Wapelekeni wanafunzi wenu katika zahanati iliyo karibu na shule, kwa wakunga wastaafu, kwa wazee waliokuwa dresa, kwa masista waliozeeka. Wawaulize majina yao kamili, mahali walikozaliwa, mwaka walioanza kazi na jambo gumu walilolikuta. Wayaandike katika daftari moja, na daftari hilo litunzwe shuleni. Taifa lililomsahau mkunga wake halina haki ya kulalamika kwamba historia yake imeandikwa na wengine.

Nasi, kwa kuwa hatukuliuliza jina lile mwaka 1995, twamwachia Mama Nesi na wapiga makasia wake ubeti huu:

Mtumbwini walipanda, kwa mawimbi na kelele,
Usiku walitukanda, mwele apate alale,
Mgeni huja na kwenda, mwenyeji hubaki pale,
Tuyaandike majina, yasipotee milele.